Baba Mwingereza, mama Mtanzania, watoto kila mmoja na pasipoti yake: tupite dirisha gani?

Shangazi, shikamoo.

Pole na majukumu. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Reading, Uingereza, pamoja na mume wangu. Julai hii shule zikifungwa tunakwenda nyumbani Dar es Salaam. Badala ya kufurahi, usiku nakaa macho nikiwaza madirisha ya uhamiaji.

Nikueleze tulivyo. Mume wangu kazaliwa Temeke na kukulia Temeke. Alikuja huku kusoma, akapata kazi, akabaki, na mwaka 2023 akala kiapo cha uraia wa Uingereza. Mimi bado ni Mtanzania, nina ukaazi wa kudumu nilioupata mwaka 2024. Mwanetu wa kwanza ana miaka 11. Alizaliwa Dar kabla hatujamfuata baba yake, kwa hiyo ana pasipoti ya Tanzania na ukaazi wa kudumu kama mimi. Mdogo wake wa kike ana miaka 5, alizaliwa hapa Reading wakati baba yake ameshapata ukaazi wa kudumu, na yeye ni raia wa Uingereza tangu kuzaliwa.

Sasa tatizo. Mume wangu bado ana pasipoti yake ya Tanzania aliyoichukua mwaka 2019, na haijaisha muda. Anasema ataingilia hiyo. Nikimwambia hana haki hiyo tena ananijibu, "Mimi nimezaliwa Temeke, nani wa kunilipisha dola hamsini niingie kwetu?" Anasema rafiki zake wamefanya hivyo wakapita. Mimi najua si hela tu. Mama yake hajaambiwa kwamba mwanawe amebadili uraia, na kuna kiwanja Kigamboni kwa jina lake ambacho hataki mtu akiguse wala kukiulizia.

La pili ni la watoto. Mwaka jana tulikwenda Dubai kwenye harusi ya wifi yangu. Tuliporudi London, mume wangu alipita kwenye mageti ya mashine akatoka. Mimi nikabaki na watoto kwenye foleni ndefu, mdogo amelala begani. Mkubwa akaniuliza, "Mama, kwa nini baba anapita kule na sisi huku? Tumefanya nini?" Sikuwa na jibu. Nilimwambia baba amekwenda kutafuta mizigo.

La tatu, safari hii mume wangu atarudi kazini baada ya wiki tatu na mimi nitabaki na watoto mpaka mwisho wa Agosti. Pasipoti yangu ina jina la baba yangu na babu yangu. Za watoto zina jina la baba yao. Naogopa wataniuliza huyu mtoto wa Kiingereza nimemtoa wapi. Na mwezi wa tatu mwaka huu nimepata pasipoti mpya, ile ya zamani iliisha.

Shemeji yangu anasema dawa ni moja tu, na mimi nichukue uraia wa Uingereza tumalize. Nichukue? Nisaidie Shangazi, maana nikimgusa mume wangu kwa haya tunaishia kununiana.

Mama Wawili, Reading

—

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kuuliza mapema. Wengi huniandikia wakiwa tayari wamekwama.

Nianze na pasipoti ya mume wako, kwa sababu hayo mengine yote yana njia yake na hili lina hatari. Asiitumie. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 iko wazi: mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake, uraia wa Tanzania unakoma. Hakuna barua anayongojea wala ofisi inayopaswa kumtangazia. Ulikoma alipokula kile kiapo mwaka 2023. Tarehe iliyochapwa kwenye pasipoti inaonyesha kitabu kingedumu mpaka lini, na haimrudishii uraia. Akikitoa dirishani anamwambia afisa kwamba yeye ni raia, na anajua si kweli. Hilo ni kosa la jinai.

Atakuambia wenzake walipita. Sikatai, wapo. Lakini mwulize walitokaje, maana wengi wanafikiria mlango wa kuingilia tu. Chukua siku ya kurudi. Kwenye kaunta ya shirika la ndege pale Dar, mfanyakazi atataka kuona ana haki gani ya kuingia Uingereza, kwa hiyo itabidi atoe pasipoti ya Uingereza. Hatua chache mbele yuko afisa uhamiaji wa kutoka, naye anataka kuona pasipoti aliyoingilia. Atamfungulia kitabu cha Tanzania kisicho na viza ya Uingereza wala kibali chochote cha kuishi huko. Swali linalofuata kila afisa analijua: "Unakwenda London kwa karatasi gani?" Hapo hana jibu lisilomwangusha. Akionyesha pasipoti ya pili amekiri, akiificha haendi popote. Ndege haimngojei mtu anayeandikishwa maelezo.

Kuna jambo lingine ambalo ningependa alisikie kutoka kwako taratibu, jioni watoto wakiwa wamelala. Akipita na ile pasipoti, hapiti peke yake. Nyuma yake kuna mke mwenye pasipoti halali ya Tanzania na mtoto wa miaka 11 anayejua kwamba baba ni Mwingereza, na maafisa huzungumza na watoto. Atamfundisha mwanawe aseme nini?

Nimesema taratibu kwa sababu sitaki umwone mume wako kama mkaidi tu. Kitovu chake kimezikwa Temeke, na anaambiwa ajaze fomu ya mgeni kuingia mji ambao anajua vichochoro vyake gizani. Inauma, na wanaoumia ni wengi. Wakenya walikubali uraia pacha katika Katiba yao ya 2010. Sisi bado, pamoja na kwamba Watanzania walioko nje wameuomba kwa miaka mingi. Mimi binafsi naamini sheria yetu inapaswa kubadilika. Lakini mahali pa kuidai ni kwa mbunge, ubalozini na kwenye vyama vya Watanzania huko mliko. Afisa wa zamu ya usiku pale Terminal 3 ya Dar hana uwezo wa kuibadilisha sheria, ana uwezo wa kumzuia tu.

Na kuna mlango umeanza kufunguliwa. Mwaka 2025 Bunge lilipitisha marekebisho yanayogusa sheria ya uhamiaji na ya ardhi, ili kuweka Hadhi Maalum kwa watu wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nchi nyingine. Hadhi hiyo haimrudishi kuwa raia, ila inamtofautisha na mtalii, na inagusa hasa lile linalomnyima usingizi, yaani ardhi. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999 asiye raia hawezi kumiliki ardhi kama raia anavyomiliki. Kwa hiyo suala la kiwanja cha Kigamboni linahitaji wakili wa ardhi, na linahitaji aulize Ubalozi wa Tanzania London utaratibu wa Hadhi Maalum umefikia wapi. Asikae akiombea mtu asigundue. Akikamatwa na pasipoti isiyo yake kisheria, hicho kiwanja ndicho kitakachoulizwa kesho yake.

Kuhusu mama mkwe, hilo si la uhamiaji lakini linaendesha yote haya. Mwanawe amwambie kwa simu kabla ya safari, kwa mdomo wake mwenyewe. Wazee wetu wamezika, wamelea, wameuza ng'ombe kusomesha watoto nje. Wanabeba mazito kuliko tunavyowadhania. Ubaya ni kusikia kwa jirani.

Basi, mume wako na binti yako wataingia kwa pasipoti za Uingereza na watahitaji viza. Viza ya kawaida kwa Mwingereza ni dola 50 za Marekani, ya kuingia mara moja, ya kukaa hadi siku 90. Mtoto naye analipiwa, asiachwe mkidhani ni mdogo. Ombeni mtandaoni kupitia tovuti ya Idara ya Uhamiaji yenyewe, wiki kadhaa kabla ya kuondoka. Angalieni sana anwani, kwa sababu kuna tovuti za mawakala zinazofanana na ya serikali ambazo hutoza zaidi. Viza ya kulipia pale pale uwanjani ipo pia, ila baada ya safari ya usiku, na mtoto wa miaka 5 anayetaka kwenda chooni, utajuta kutoimaliza ukiwa nyumbani.

Huyo binti yako ana jambo lake zuri ambalo huenda hamjalifikiria. Kwa sababu mama yake ni Mtanzania wa kuzaliwa, yeye ni Mtanzania kwa kurithi, hata kama alizaliwa Reading. Mtoto anaweza kuwa na nchi zote mbili mpaka afikishe miaka 18, ndipo sheria inapomtaka achague. Mnaweza kumwombea pasipoti ya Tanzania kupitia ubalozi, na akiipata hatahitaji viza kwenda kwa bibi yake. Ataingilia na kutokea Tanzania kwa pasipoti ya Tanzania, na Uingereza ataingia kwa ya Uingereza. Kwake yeye kuonyesha vitabu viwili ni halali kabisa, na hapo ndipo alipo tofauti na baba yake. Lakini msianze mbio hizo sasa na Julai iko karibu. Safari hii mlipieni viza, ya pasipoti mshughulikie mkirudi.

Sasa wewe mwenyewe. Umeandika sentensi moja mwishoni mwa aya, kwamba umepata pasipoti mpya mwezi wa tatu, ukapita kama vile si kitu. Mwanangu, katika barua yako yote, ukiondoa la mumeo, hilo ndilo linaloweza kukuacha Dar.

Zile kadi za ukaazi za BRP ziliisha kazi tarehe 31 Desemba 2024. Tangu hapo ukaazi wako uko mtandaoni, kwenye viza ya kielektroniki, na umefungwa na namba ya pasipoti. Kama hukuingia kwenye akaunti yako ya UKVI, idara ya viza na uhamiaji ya Uingereza, kuandikisha pasipoti mpya, ukaazi wako bado upo, haukupotea, lakini umefungwa na kitabu kilichokwisha. Mfanyakazi wa ndege pale Dar ataingiza namba mpya kwenye kompyuta na asione kitu. Yeye hajui historia yako wala hana muda wa kuijua. Kampuni yake hutozwa faini ikimpeleka Uingereza mtu asiye na ruhusa, kwa hiyo usimtegemee akuonee huruma. Utabaki pembeni na mabegi na watoto wawili, mume ameshatangulia Reading, unapiga simu ng'ambo.

Ingia kwenye akaunti leo. Badilisha namba ya pasipoti, kisha usiishie hapo. Subiri uthibitisho, halafu fungua tena uone kama jina, tarehe ya kuzaliwa na aina ya ukaazi vimekaa sawa. Mwanao wa miaka 11 naye ana viza yake ya kielektroniki, haibebwi na ya kwako. Kama hamjamfungulia akaunti, mfungulie wewe kama mzazi na uandikishe pasipoti yake. Kabla ya safari, toa kwenye mfumo ule msimbo wa kuthibitisha hali yako, wako na wa mtoto. Unadumu siku 90, kwa hiyo ukiutoa mwanzoni mwa Julai utakufikisha mwisho wa Agosti. Uchapishe kwenye karatasi, maana simu huzima chaji saa ile ile unapoihitaji. Na safiri na pasipoti ya zamani pia.

Tiketi. Mume wako asije akapata bei nzuri akakata safari ya vipande viwili, tiketi mbili tofauti. Familia yenye pasipoti moja inaweza kuvumilia hilo, nyinyi hamwezi. Mkishukia Istanbul, kwa mfano, na tiketi ya pili ni ya kampuni nyingine, huenda mkatakiwa kuingia nchini kuchukua mizigo na kuikabidhi upya. Mwingereza anaingia Uturuki bila viza. Wewe na mwanao mtahitaji. Kateni tiketi moja mpaka Dar, mizigo ipitilize, na mkae ndani ya eneo la wasafiri wa kuunganisha ndege. Mkipitia Addis Ababa au Nairobi na kusubiri zaidi ya saa 12, mtaulizwa cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na hapo angalau wote wanne mtakuwa sawa.

Majina. Watu wetu wengi wanasumbuliwa na hili bila kosa lolote. Sisi mwanamke akiolewa anabaki na jina la baba yake, na mtoto anachukua la baba na la babu. Dirishani London wamezoea ukoo mmoja kwa nyumba nzima. Mama akifika na mtoto asiyefanana naye jina, afisa ana wajibu wa kuuliza, kwa sababu watoto husafirishwa kwa wizi kweli. Usilichukue kama tusi. Andaa bahasha moja. Cheti cha kuzaliwa cha binti kiwe kile kirefu chenye majina ya wazazi wote wawili, maana Uingereza hutoa pia kifupi kisichotaja wazazi, na hicho hakitakusaidia. Weka cha mkubwa, na cheti cha ndoa. Kisha barua ya mume wako, iliyosainiwa, inayosema anajua na kuridhia watoto warudi na mama yao, tarehe ya ndege, anuani yenu ya Reading na namba ya simu atakayoipokea saa hiyo, pamoja na nakala ya ukurasa wa picha wa pasipoti yake. Bahasha hiyo ikae kwenye mkoba wako wa mkononi. Sijui kwa nini watu huandaa karatasi vizuri hivyo halafu wakazifungia kwenye begi linalokwenda tumboni mwa ndege.

Afisa anaweza kumwinamia mtoto na kumwuliza, "Huyu ni nani?" Binti wa miaka 5 akiona haya anaweza kujificha nyuma ya sketi yako bila kusema neno. Mwambieni mapema kwamba mtu mwenye sare atamwuliza jina lake na la mama, na ajibu tu. Msimkaririshe. Mtoto aliyekaririshwa anajulikana.

Tufike kwenye foleni, na kwa mwanao. Mageti ya mashine pale London yanapokea pasipoti za Uingereza, za Umoja wa Ulaya na za nchi nyingine chache, na Tanzania haimo. Mtoto wa miaka 5 hayapiti hata akiwa Mwingereza. Kwa hiyo hata kwa kanuni zenyewe, siku ile mlipotoka Dubai mume wako alikuwa na mtoto wa kwenda naye kwenye dirisha la afisa. Hakuna sheria inayomkataza raia wa Uingereza kusimama na mkewe kwenye foleni ya pasipoti nyingine. Ni ndefu, ndiyo. Asimame. Na mkifika, mwambieni yule anayepanga watu kwamba nyinyi ni familia moja yenye pasipoti tofauti. Mara nyingi huwaelekeza dirisha moja, na afisa mmoja huwachukua wote. Mkiambiwa mgawanyike, mgawanyike kwa mpango.

Pale Dar fanyeni vivyo hivyo. Ulizeni kwanza kama mnaweza kwenda pamoja. Ikishindikana, binti aende na baba yake kwa wenye viza, wewe na kijana mpite kwa raia, na mkutane kwenye mkanda wa mizigo. Nyinyi mtatangulia. Mngojeni baba, msitoke nje kwa ndugu kabla yake. Ni jambo dogo, lakini kwa mtu aliyetoka kusimama foleni ya wageni nchini alikozaliwa, kukuta mkewe na mwanawe wamemngoja kunamtuliza moyo kuliko maneno.

Swali la kijana ulilijibu kwa mizigo, na nina hakika hakukuamini. Mtoto wa miaka 11 anaweza kuelezwa kweli. Kaa naye na vitabu vyote vinne mezani. Mwonyeshe mahali pa kuzaliwa pa kila mmoja na tarehe. Mwambie baba aliomba kuwa raia wa Uingereza akakubaliwa, mdogo wako alizaliwa huku baba akiwa na ukaazi, wewe na mimi tulizaliwa Tanzania na hatujaomba. Hakuna aliyefanya kosa. Na umwambie kwamba safari hii baba atasimama nasi. Lakini usimwahidi hilo kabla baba mwenyewe hajakubali.

Mnaweza pia kumwombea huyo kijana usajili wa uraia wa Uingereza akiwa bado mtoto. Ada yake si ndogo, na si haki ya moja kwa moja kwa aliyezaliwa nje, kwa hiyo muoneni kwanza mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa. Waulizeni pia ubalozi wetu itamfanya nini upande wa Tanzania. Msiwaachie hilo watu wa kwenye makundi ya simu.

Mjue pia kwamba kugawanywa hakuishii uwanja wa ndege. Mkivuka kwenda Zanzibar, wageni wanatakiwa kuwa na bima ya safari ya huko tangu 1 Oktoba 2024, dola 44 kwa mtu mzima. Baba na binti inawahusu, wewe na kijana hapana. Mkienda Mikumi, getini raia hulipa kwa shilingi na mgeni kwa dola. Wekeni hesabu hizo kwenye bajeti toka huko, ili mume wako asizikute getini mbele ya watoto na shemeji zake, akaanza kubishana na kijana wa tiketi.

Na wewe, uchukue uraia wa Uingereza? Shemeji yako anakutakia mema, lakini foleni ya saa moja kwa mwaka si sababu ya kuacha uraia wako. Ukiwa mke wa Mwingereza, umekaa huko kihalali miaka mitatu na una ukaazi wa kudumu, mlango wa kuomba uko wazi kwako, na hautafungwa Agosti ukirudi. Angalia tu usikae nje muda mrefu. Wanahesabu siku, zisizidi 270 katika miaka hiyo mitatu, wala 90 katika mwaka wa mwisho kabla ya kuomba. Ukaazi wenyewe hauko hatarini kwa likizo ya wiki sita. Unapotea ukikaa nje ya Uingereza zaidi ya miaka miwili mfululizo.

Upande wa pili wa mizani ni huu: ukila kiapo, nyumba yenu itabaki na Mtanzania mmoja mtu mzima? Hapana, itabaki bila hata mmoja. Ardhi, urithi wa kwenu, haki ya kurudi na kukaa bila kumwomba mtu kibali, vyote vitategemea Hadhi Maalum, ambayo bado ni changa. Maoni yangu, na ni maoni tu, ni kwamba msubiri. Acheni mume wako awe wa kwanza kuipitia hiyo hadhi, muone inavyofanya kazi kweli kweli, kiwanja cha Kigamboni kimekaaje, halafu uamue ukiwa umejua. Isipokuwa una sababu kubwa nyingine, ya kazi au ya hofu ya kutenganishwa na watoto, na kama ipo niandikie uniambie.

Mpe mume wako barua hii aisome mwenyewe, usimsomee. Mwambie Shangazi amesema yuko upande wake katika kudai, na hayuko upande wake katika ile pasipoti ya 2019. Aiweke kabatini Reading, na akifika ubalozini aulize taratibu za kuirudisha. Wewe anza na akaunti ya UKVI. Ikigoma kupokea pasipoti mpya, nijulishe kabla Juni haijaisha, tuwe na muda wa kuhangaika nayo.